Jina la Aliyemvusha Sagire

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, maana si ile ya fisi kuvaa kanzu. Ni zamani ya karibu. Kompresa zilikwisha kufika, na watu walikuwa na simu mfukoni, ila kupiga ilibidi upande kichuguu. Hapo ndipo palipokuwa na duara la dhahabu katika kilima cha Nyakirebo, shimo limeshuka wima ardhini hadi jua likakata tamaa ya kulifuata. Chini ya duara palikuwa na pampu. Juu ya duara palikuwa na mwanamke mjamzito aliyewapikia wachimbaji, jina lake Nyangi. Mumewe, Sagire, ndiye aliyekaa na ile pampu.

Sasa sikilizeni habari ya pampu, maana asiyeijua pampu hataijua kesi.

Haikuwa ya umeme. Ilikuwa pampu ya hewa. Kompresa ilinguruma juu, ikasukuma hewa kwenye mpira, mpira ukashuka duarani, hewa ikaingia tumboni mwa pampu. Humo tumboni mlikuwa na viwambo viwili vya mpira, kimoja kushoto, kimoja kulia, vimewambwa kama ngozi za ngoma. Hewa ikisukuma cha kushoto, maji yanapanda. Hewa ikisukuma cha kulia, maji yanapanda. Tuku, tuku. Tuku, tuku. Ikishamaliza kazi, hewa ile inatoka kwenye ekzosi kupitia sailensa, nayo inatoka na baridi ya kuuma meno. Pampu ikipiga, maji yanapanda. Pampu ikinyamaza, maji yanajaa. Basi, mmekwisha kuwa mafundi.

Na yalijaa wapi? Kule chini njia ilikwenda, ikainama pakawa na kibonde, kisha ikapanda tena hadi mwambani walikochimba. Maji yote ya kilima yalikuja kukaa katika kibonde kile. Pampu ilikuwa upande wa huku, juu ya magogo, inakinyonya usiku na mchana. Ikinyamaza, kibonde kinajaa hadi darini, na aliye upande wa pili hana pa kutokea.

Kulikuwa na watu wawili walioajiriwa kwa ajili ya mitambo, na mwenye duara aliwapangia kazi kwa maneno mawili tu. Werema, mtu mfupi mwenye sauti ya baraza, aliambiwa: wewe utaendesha. Magoiga, mrefu, mkavu, mwenye spana mfukoni hata akienda kanisani, aliambiwa: wewe utahudumia. Maneno mazuri. Wakapeana mikono.

Lakini hewa ina unyevu ndani yake, jamani. Ukiibana kwenye tangi la kompresa, unyevu ule unageuka maji na kutulia chini ya tangi. Kila asubuhi lazima mtu afungue koki ya chini ayamwage. Asipoyamwaga, maji yanaondoka na hewa, yanateremka mpirani, yanafika kwenye sailensa, na kwa baridi ile yanaganda. Ndiyo, barafu, huko chini, na juu kunachoma hadi mijusi inainua miguu. Sailensa ikiziba, hewa haina pa kutokea, na pampu inasimama.

Sasa, kumwaga maji ya tangi ni kuendesha, au ni kuhudumia?

Werema alisema, "Mimi nawasha, nazima, natia dizeli. Kufungua makoki ni huduma."

Magoiga alisema, "Jambo la kila asubuhi ni la mwendeshaji. Mimi nahudumia kilichoharibika. Tangi limeharibika?"

Wakabishana hadi wakawa hawaivi chungu kimoja. Na katika ubishi wao wote tangi lilikuwa kavu, kwa sababu mtu wa tatu alikuwa akilimwaga kimya kimya kabla ya kushuka. Huyo aliitwa Kisiri. Ndiye aliyekaa na pampu kabla ya Sagire. Kapera, mpole, alipenda pampu iende polepole. Aliibana koki ya hewa hadi pampu ikapiga mara mbili, ikapumzika, ikapiga mara mbili, ikapumzika. Akisema, pampu haifukuzwi, itakupasulia kiwambo. Nyangi akiwa juu anakoroga uji aliweza kusema, leo Kisiri yuko chini, kwa mapigo yale tu.

Kisiri alifia duarani. Jiwe lilitoka darini likamkuta ameketi. Walipomfikia pampu ilikuwa bado inapiga, mara mbili na kupumzika, na mkono wake ulikuwa kwenye koki. Wakamzika. Sagire akakaa mahali pake.

Na watu wa kilima kile walikuwa na mwiko wao. Mtu akifia duarani, maji hayamwagwi mdomoni mwa duara mpaka matanga yaanuliwe. Wanasema afiaye chini ya ardhi hufa na kiu. Akisikia maji yanamwagika juu, atapanda kuja kunywa. Nyangi akawa anaoshea vyungu vyake mbali, njiani. Mpira wa kutolea maji ya pampu ukaongezwa hadi korongoni. Na lile tangi la kompresa, lililosimama hatua chache kutoka mdomoni, halikumwagwa. Werema akasema, mwiko. Magoiga akasema, mwiko. Siku hiyo tu ndiyo waliyokubaliana, na tangu hapo hawakusemeshana tena.

Siku moja, jua la utosi, wachimbaji walipanda kula. Sagire peke yake alibaki. Wa mwisho kupanda alimwambia Nyangi, "Shemeji, mtunzie mzee chakula chake, amevuka kule mwambani kuchukua nyundo tulizosahau." Nyangi alikuwa na mwiko mkononi, huu wa kusongea ugali sasa, si ule mwingine. Mtoto tumboni alikuwa akirusha mateke, kama kawaida yake pampu ikipiga.

Tuku, tuku. Tuku, tuku. Tuku.

Kimya.

Mtoto naye akatulia. Nyangi akaweka kiganja tumboni, akangoja teke, halikuja. Kompresa ilikuwa bado inanguruma na mpira ulikuwa umejaa hewa, umekakamaa. Lakini kule korongoni mpira wa maji ulitoa tone, ukatoa tone jingine, ukaacha.

"Shemeji Werema," alisema Nyangi, "pampu imenyamaza."

Werema alitazama geji. "Hewa yangu ipo. Imejaa pomoni. Kama pampu haipigi, hiyo si habari ya kuendesha."

Magoiga alikuwa ameketi upande wa pili na sahani yake. Alisema, akiielekeza kauli yake kwa sahani, "Mwambieni huyo kwamba hewa yake ina maji. Sailensa imeganda. Amwage tangi."

"Mwambieni na yeye kwamba kumwaga ni huduma. Na mwiko anaujua."

Jamani, mnawaona? Mtu yuko nyuma ya maji, na hawa wawili wanatumiana salamu kupitia kwa watu. Wachimbaji wakageuza shingo huku na huku, matonge mkononi. Hakuna aliyetaka kusema neno la maji karibu na mdomo ule wa duara. Nyangi aliutupa mwiko chini.

"Baba wa mtoto huyu yuko upande wa pili," alisema. "Kibonde kinajaa tukiwa hapa. Nani anashuka?"

Magoiga aliweka sahani. Werema alifungua kinywa. Na kabla yeyote hajasema, mpira ule wa hewa ulitikisika.

Tuku, tuku. Ukapumzika. Tuku, tuku. Ukapumzika.

Kule korongoni maji yalianza kutoka, kidogo, kisha yakakata, kisha yakatoka. Wachimbaji wakacheka kwa nafuu. Mmoja akasema, "Mnaona, Sagire ameiamsha mwenyewe." Lakini Nyangi hakucheka. Mumewe hakuwahi kuiendesha pampu hivyo. Sagire huifungulia koki yote ikimbie, ndivyo alivyo hata mezani, mtu wa pupa. Mapigo yale Nyangi aliyajua, na mwenye mapigo yale alimwona akishushwa kaburini. Akawatazama Werema na Magoiga, akaona kwamba nao wanajua.

"Si Sagire," alisema Magoiga kwa sauti ndogo.

Akapiga moyo konde, akatia kiwambo cha akiba kifuani, akajifunga kamba. Nyangi akampa chupa ya uji wa moto, kwa maana uji unayeyusha barafu na yeye hakuwa na kingine cha kutoa. Magoiga akashuka.

Sasa shukeni naye, ila msimwache Nyangi, maana haya aliyasikia baadaye kwa kinywa cha Magoiga mwenyewe, na alipoyasikia alijifunga khanga mabegani kama mtu mwenye homa.

Magoiga alifika chini. Taa yake ilionyesha kibonde kimejaa hadi darini, maji meusi yametulia. Upande ule wa pili hapakuwa na njia, hata ya panya. Na upande huu hapakuwa na mtu. Pampu ilikuwa juu ya magogo yake, inapiga mara mbili, inapumzika. Ekzosi ilikuwa wazi. Sailensa ilikuwa imefunguliwa, imelazwa kwenye gogo, mdomo chini ili maji yachuruzike, na ndani yake bado mlikuwa na bonge jeupe la barafu. Kando yake, kamba iliyoifunga ilikuwa imezungushwa vizuri ikawekwa duara. Hivyo ndivyo Kisiri alivyoilaza siku zote, mdomo chini.

Magoiga alisema, "Sagire?" Sauti ikarudi peke yake.

Akanyoosha mkono kushika koki ya hewa. Pampu nzima ilikuwa baridi kiasi cha kunata vidoleni. Koki ilikuwa na joto. Joto la kiganja, joto la mtu aliyeishika kwa muda na kuachia sasa hivi. Na alipoishika yeye, kitu fulani kikakatika, pampu ikapiga mara moja, na ekzosi ikamtemea maji usoni.

Fundi yeyote atakwambia maana yake. Ekzosi ya pampu ya hewa ikitema maji, kiwambo kimepasuka. Magoiga alifunga hewa. Sasa pampu ilikuwa kimya kabisa na maji yalianza kupanda magogo. Akalegeza bolti, akafungua kifuniko, akatoa kiwambo kilichochanika, maji yakiwa magotini. Akatoa kiwambo kipya kifuani mwake, akakipanga, maji yakiwa kiunoni. Anasema kila alipoitia bolti moja na kupapasa gogoni kutafuta nyingine, ile nyingine ilikuja mkononi. Hakuuliza. Alikaza. Kisha akavuta kamba, ishara kwa walio juu: nipeni hewa yote.

Turudi juu. Werema alipoiona kamba ikivutwa aliifungulia kompresa hadi mwisho. Mapigo yakaja, ya haraka sasa, na maji yakatapika korongoni. Nyangi akashika tumbo, akashukuru Mungu. Lakini Werema hakushukuru. Alitazama tangi. Alijua tumboni mwake mna maji, na hewa yote ile ikishuka na maji yote yale, pampu itaganda tena, safari hii na watu wawili wako chini.

Akachuchumaa chini ya tangi.

"Werema," alisema mchimbaji mmoja, "matanga hayajaanuliwa."

"Najua," alisema Werema.

Koki ilikuwa imeshika kutu, kipini kimekatika. Aliipiga kwa jiwe ikalegea, lakini kila alipoiachia ilijifunga. Ikabidi aishike kwa vidole. Kompresa ilikuwa imechemka, na maji yakatoka ya moto, machafu, yenye oili, yakimpitia kiganjani. Hakuachia. Watu walipoona maji yanateremka kuelekea mdomo wa duara, walikimbia wote. Mashujaa wa miamba wakaacha hata viatu. Walibaki Werema, aliyekuwa analia bila kuacha kushika, na Nyangi, ambaye hakuweza kukimbia kwa uzito wake.

Maji yalifika ukingoni, yakaanguka ndani. Nyangi aliinama asikilize yakidondoka chini. Alingoja. Duara lile lilikuwa refu, jiwe dogo tu ulilisikia likitua. Maji yalikuwa yakiingia mfululizo, na chini hapakusikika hata tone.

Hapo uchungu ulimshika.

Kibonde kilikauka. Magoiga alivuka kwa magoti, akamkuta Sagire ameegemea mwamba katika kishimo cha hewa kilichobaki, midomo imekuwa ya buluu, lakini anapumua. Akamfunga kamba, akamtoa. Walipofika juu, mtoto wa kiume alikuwa amekwisha kuzaliwa kwenye khanga, kando ya mafiga, mikononi mwa Bibi Wankyo, mama yake Sagire, aliyepigiwa simu na waliokimbia, akapandishwa kilimani kwa pikipiki. Werema alikuwa amekaa, mkono umetumbukizwa ndani ya chungu cha maji.

Hadithi za watu wengine huishia hapo, mnapiga makofi mnakwenda kulala. Yetu ndiyo kwanza inaanza, maana mtoto alilia.

Alilia na hakutaka ziwa. Nyangi alimpa la kulia, akageuza kichwa. Akampa la kushoto, akageuza kichwa. Alikuja nesi wa zahanati, akampima, akamgeuza, akasema hana homa, hana jeraha, kinywa chake kizima. Mtoto akalia. Maziwa yakamjaa Nyangi hadi yakalowesha nguo, na mwenye kuyanywa anazidi kuwa mwepesi mikononi.

Bibi Wankyo ndiye aliyesema, naye hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. "Analilia jina. Mtoto aliyezaliwa siku baba yake alipovushwa kutoka kwa wafu huitwa jina la aliyemvusha. Aitwe kwa jina la mtu ambaye, asingekuwapo huyo, tungekuwa msibani. Mama yake atalitaja sikioni. Likiwa ndilo, atanyonya."

"Na likiwa silo, mama?" aliuliza Nyangi.

"Mwenye jina lake atajiona amedhulumiwa, na mtoto hatanyonya wala kulia tena."

Basi siku ya tatu wakakusanyika nyumbani kwa Sagire mchana, mlango wazi, jua limejaa uani. Werema alikuja, mkono umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko. Magoiga alikuja. Wakakaa mkeka mmoja bila kutazamana.

Werema alianza. "Shemeji, mimi si mtu wa kujisifu." Hapo hata Bibi Wankyo alikohoa. "Lakini semeni. Bila hewa, pampu ni chuma. Hewa ilitoka kwangu. Nilimwaga maji, watu wote wakakimbia, wewe uliniona. Mkono huu daktari anasema hautakunja ngumi tena. Na si mkono tu. Nimevunja mwiko. Aliyeko chini alinisikia mimi, si mwingine, na akipanda kuja kunywa atakuja kwangu. Tangu siku ile nikijaza mtungi jioni, asubuhi naukuta nusu. Sina mtoto wa kiume. Akinichukua, nisiache hata jina?"

Magoiga akasema, "Umemwaga maji uliyopaswa kuyamwaga kila asubuhi. Mtu akizima moto aliouwasha mwenyewe, apewe mtoto?" Akamgeukia Nyangi. "Shemeji, wengine wote walikuwa juu, wana jua na hewa. Mimi nilishuka. Niliyaona niliyoyaona na sikupanda mbio. Kiwambo nilikibadilisha gizani, maji kiunoni. Mumeo nilimshika kwa mikono hii, akiwa mzito kama maiti. Kumvusha mtu ni kumvusha. Nani mwingine alimvusha?"

Werema akacheka bila furaha. "Asubuhi ile ulishuka kukagua pampu. Nilikupa kamba mimi mwenyewe. Hukuona kitu kwenye sailensa?"

Magoiga aliishika spana yake mfukoni. Nyangi alimwita kwa upole, "Shemeji."

"Niliona weupe," alisema Magoiga. "Ulikuwa umeanza kuganda. Ningeweza kuifungua pale pale. Nikasema moyoni, acha igande, aumbuke mbele ya watu. Sikujua kama Sagire angevuka." Akaufuta uso. "Lakini nilishuka. Hilo nalo ni kweli."

Nyangi alitamani kumpiga, alitamani pia kumshika miguu amshukuru, na mtoto alikuwa analia kifuani pake, sauti imekuwa nyembamba.

Ndipo Sagire, aliyekuwa amelala ukutani chini ya blanketi, alipojiinua. Tangu atolewe alikuwa amesema machache sana.

"Mnagombea jina la mtu mwingine," alisema. "Maji yalipofunga njia, niliona taa yangu inafifia, nikalala nife. Mtu akaketi karibu yangu. Sikumwona. Nilisikia nguo yake ikikwaruza jiwe. Akasema, 'Usilale. Mimi nahesabu, wewe pumua.' Akaanza kuhesabu. Moja, mbili, akapumzika. Moja, mbili, akapumzika. Nilipumua kwa hesabu yake. Na kupitia mwambani nilisikia pampu inapiga kwa hesabu ile ile, wakati ninyi wawili mko juu mnapeana salamu kupitia kwa watu. Sailensa nani aliifungua? Magoiga, uliifungua wewe?"

"Hapana," alisema Magoiga.

"Bila mapigo yale ya polepole, maji yangenifikia kabla hujajifunga kamba. Huyu ni Kisiri. Mtoto ni wa Kisiri."

Werema ndiye aliyejibu, na safari hii sauti yake ya baraza haikuwapo. "Sagire, ndugu yangu. Maji hayakumwagwa kwa sababu ya nani? Kwa matanga yake."

"Mwiko hakuuweka yeye," alisema Sagire. "Alipokuwa hai, tangi alilimwaga nani?"

Magoiga, macho yake chini, alisema, "Mimi niliishika koki ile ikiwa na joto, kwa hiyo sikatai kwamba alikuwapo. Lakini nakuuliza, umejuaje kwamba alikuwa anakuokoa? Amekufa kapera, hana mke wala mwana, peke yake kule kwenye giza. Labda alikuwa anakuweka macho tu hadi maji yafike, apate wa kukaa naye. Na ukimpa mtoto jina lake, umempa nini hasa?"

Nyangi alihisi baridi ikimtambaa mgongoni, na nje jua lilikuwa kali vile vile. Akamtazama mumewe. Sagire alikuwa ameegemea ukuta, na Nyangi aliona kifua chake kinavyokwenda. Alipumua mara mbili, akapumzika. Akapumua mara mbili, akapumzika. Kumbe hivyo ndivyo alivyokuwa akipumua tangu atolewe, na mkewe, kwa kilio cha mtoto, hakuwa ameona.

Alimgeukia mkwewe. "Mama, unasemaje?"

Bibi Wankyo alimgusa mtoto utosini. "Mimi jina silijui. Werema alitoa mkono wake na kuvunja mwiko, ila maji yaliyoganda yalitoka kwenye tangi lake. Magoiga aliingia mahali ambapo mwanamume mwenye akili asingeingia, ila aliiona barafu akainyamazia. Kisiri alizuia maji hadi hawa wawili walipopata akili, ila Kisiri ni mfu, na mfu hatuambii anataka nini. Nami nawaambia, ukimwondoa mmoja wao yeyote, mwanangu asingekuwa kwenye ukuta ule. Taja, mwanangu. Hana muda."

Ni kweli. Kilio kilikuwa kimekwisha. Mtoto alifungua kinywa na hakuna kilichotoka. Alikuwa amebakiwa na pumzi ya kusikia jina moja tu.

Nyangi alimwinua. Werema aliukumbatia mkono wake wenye bendeji. Magoiga alifumba macho. Sagire alimtazama mtoto, akipumua ile pumzi yake ya kuazima. Nyangi akaweka midomo kwenye sikio la mwanawe, na mimi hapo nanyamaza, kwa sababu jina si langu kulitaja.

Haya, ninyi mliokunja miguu hapa mnanitazama. Mume wa Nyangi alivushwa na nani? Na jina likimpita mwenyewe, mnajua nini kitatokea. Je, nani alistahili? Mmoja wenu aseme, na aseme upesi, maana midomo iko sikioni na mtoto hasubiri.